Taa ya Kushoto ya Makengeza

Landrova yangu ina umri unaokaribiana na wangu, na kwa miaka mingi ilikuwa inaona vibaya kuliko mimi. Taa zake za mbele zilitoa mwanga wa njano uliochoka, unaomulika hatua kumi hivi mbele ya bampa kisha unakata tamaa. Ya kushoto, mbali na kuchoka, ilikuwa imepinda pia. Badala ya kutazama barabara, ilitazama migomba ya watu. Kule kwetu, juu kidogo ya barabara inayotoka Usa River kwenda Momela, watu waliliita gari Makengeza. Mimi nilijifanya nakereka na jina hilo, ingawa ukweli ni kwamba lilinipendeza.

Aliyeipinda taa ni mke wangu. Nilimfundisha kuendesha kwa siku mbili tu. Siku ya pili alikuwa anaingiza gari getini, akaikumbuka breki wakati nguzo imeshafika. Mimi si mtu mvumilivu, na siku ile nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alishuka, akafunga mlango taratibu, akaenda zake jikoni, na hakushika usukani tena mpaka anakufa.

Mwanzoni niliiacha taa vile ilivyo kwa kisirani, ili kila akipita aone alichokifanya. Ndivyo nilivyokuwa. Hasira zilipoisha, nikataka kuinyoosha, na safari hii ni yeye aliyekataa.

"Usiiguse," aliniambia. "Ukikata ile kona ya zahanati, inamulika mpaka kule ng'ambo ya korongo. Nikiwa jikoni naiona. Najua ni wewe, nabandika chai."

Basi ikabaki imepinda. Miaka yote hiyo nilifika nyumbani nikakuta chai inachemka, na sikumbuki hata siku moja niliyomshukuru kwa jambo hilo.

Sasa ni zaidi ya miaka miwili tangu tumzike, chini ya mikahawa aliyoipanda mwenyewe. Binti yetu yuko Dodoma na hunipigia simu kila Jumapili. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda mjini Arusha, kwenye mitaa ya zamani nyuma ya soko, na nimebaki na nyumba ya vyumba vinne ambamo natumia viwili. Baada ya msiba niliacha kusali katika kanisa letu la kule juu. Kila aliyenishika mkono alinitazama kwa huruma, nami huruma inanitia uchungu. Nikahamia ibada ya kwanza ya mjini ambako hakuna anayenijua, na ikiisha nilikwenda kukaa kibandani mpaka giza liingie. Nilitoka nyumbani kabla ya alfajiri, nikarudi saa moja na nusu jioni, siku saba za juma. Nilikuwa mpweke. Wakati ule ungeniuliza, ningekujibu kwamba nina kazi nyingi.

Watu wangu pekee walikuwa wale wa lifti. Kuanzia Usa River kupanda juu, kulikuwa na mtu hapa na mtu pale aliyeziona zile taa za njano kwa mbali akapunga mkono: "Makengeza huyo!" Wanapanda na ndoo zao, kuku wao, mikungu yao ya ndizi, wanaanza kuzungumza kabla mlango haujafungwa. Nilijua nani ameoza meno, nani amezaa mapacha, ng'ombe wa nani amegoma kunyonyesha. Nililalamika sana kuhusu matope wanayoniachia kwenye viti. Kila Jumamosi niliyasafisha, na sikuwahi kumwambia mtu aache kupanda.

Mwezi wa sita, ukungu uliposhuka mlimani na manyunyu juu yake, nilikaribia kuua mtu. Nilikuwa napanda taratibu, nikaona kichaka kinavuka barabara. Nikajiuliza vichaka vimeanza lini kutembea, na nilipopata jibu nilikuwa nimeshakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alikuwa ni mwanamke aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Bampa ilisimama ikiwa imegusa khanga yake.

Nilimfahamu. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, na alikuwa rafiki wa mke wangu wa kufa na kuzikana.

"Unataka kuniua na majani ya ng'ombe wangu?" alinifokea. "Kama macho yamekwisha, kaa nyumbani! Na hilo gari lako lipeleke likapumzike!"

Nilipaswa kushuka, nimpe pole, nimbebee mzigo wake. Badala yake aibu ilinishika nikaingiza gia nikaondoka. Usiku ule nililala bila kula.

Jumamosi yake nikaenda Olasiti, pembeni mwa mji, kwa fundi umeme wa magari. Ni mtu wa makamo, baba yake alitoka Tanga zamani akaja kufanya biashara huku, na yeye ndiye aliyenipa kazi ya kushona vazi la hija la mama yake. Tunaitana fundi kwa fundi. Alifungua boneti, akatikisa kichwa, akachukua kipimo chake akakigusisha kwenye betri, kisha akakigusisha nyuma ya taa.

"Mzee wangu, taa zako si mbovu," akasema. "Zina njaa. Kwenye betri umeme unatoka volti kumi na mbili na ushee, kwenye taa unafika tisa. Unazunguka kote huko, unapita kwenye swichi, waya wenyewe wa enzi za babu. Unaishia njiani. Nikuvutie waya mpya mnene kutoka betri, nikuwekee rilei iwe inapitisha umeme moja kwa moja, swichi ibaki ya kuamrisha tu. Taa hizi hizi utazishangaa."

Lingekuwa shauri jema kwa mtu anayesikia. Mimi kutwa nawaambia akina mama wasitupe cherehani nzima kwa sababu ya mkanda mmoja uliolegea. Lakini mganga hajigangi. Nikamwambia sitaki taa za zamani, nataka zile mpya nyeupe ambazo magari ya watalii yanazo, nione mpaka kesho.

"Na hii iliyopinda?"

"Inyooshwe."

Aliniangalia kidogo. "Gari lako, fundi," akasema, akamwita fundi bati wa jirani.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Fundi bati aligonga lile bati alilolipinda mke wangu, nyundo juu, kipande cha gogo chini, nami nikatoka nje ya karakana nisisikie mlio wake. Nilijiambia nakwenda kutafuta chakula. Mwisho wakanikabidhi taa mbili za zamani ndani ya katoni, zimefungwa kwa gazeti. "Hatutupi mali ya mtu," fundi umeme alisema.

Jioni ile nilipowasha, niliona kila kitu. Niliona mashimo ambayo nilikuwa nayajua kwa mgongo tu. Niliona macho ya paka juu ya ukuta, nikaona maandishi kwenye kibao cha zahanati. Nikapiga mluzi peke yangu. Nilipofika kwangu, nikagundua kwamba kutoka Usa River mpaka getini hakuna aliyenipungia mkono.

Nikasema labda ni kwa sababu ya Jumamosi. Jumatatu ikawa vilevile. Watu walikuwepo, nawaona waziwazi kuliko zamani, na ndoo zao na mizigo yao, lakini mwanga ukiwafikia wanaweka kiganja usoni na kusogea pembeni, karibu waingie mtaroni. Juu kidogo ya kwangu kuna loji mpya, ambayo meneja wake aliwahi kutaka kuninunulia Makengeza nikakataa, na magari yake hupita pale jioni kwa kasi, hayambebi mtu. Nilijua wanadhani mimi ni mmoja wao. Ningeweza kusimama, nikateremsha kioo, nikasema ni mimi. Sikusimama. Mimi si teksi, nilijiambia, anayetaka kupanda apunge mkono. Kiburi kama hicho kinahitaji mtu wa kukikaripia, na wa kwangu alikuwa chini ya mikahawa.

Wiki tatu zikapita hivyo. Natoka giza, narudi giza, viti vyangu visafi.

Zamu yangu ya jumuiya ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Kwa asiyejua, sisi Walutheri wa kule juu husali nyumba kwa nyumba, majirani kumi au kumi na tano, kila wiki kwa mtu mwingine kwa mpangilio unaotolewa mwanzo wa mwaka. Tangu msiba nilikuwa nimekwepa kuhudhuria kwa wengine, lakini nyumba yangu ilikuwa bado kwenye orodha, na zamu ya mtu haikwepeki. Kusema kweli niliisubiri. Siku ile sikwenda mjini. Nilifagia, nikafungua vile vyumba viwili visivyotumika, nikapanga viti na mabenchi, nikapika chai ya maziwa birika kubwa lile la msibani, na loshoro sufuria nzima, makande yetu yale ya maziwa mgando, jinsi nilivyomwona mke wangu akipika. Nikavaa shati la mikono mirefu. Saa tisa nikakaa.

Saa kumi hawajaja. Nikasema wetu huchelewa. Saa kumi na nusu nikaenda kusimama getini, nikarudi, nikaipasha chai. Halafu nikasikia wimbo. Ulitoka ng'ambo ya korongo, sauti za kina mama juu, za wazee chini, pambio ninalolijua toka utoto. Walikuwa wanasali kwa mtu mwingine, yule anayenifuata kwenye orodha. Nyumba yangu wameiruka.

Nilisimama kwenye migomba nikausikiliza mpaka ukaisha, na wa pili, na wa tatu. Kwenye ule wa tatu nilijikuta naimba sauti ya nne, polepole, kama nipo. Kisha nikarudi ndani nikamwaga chai kwenye shina la mgomba, birika zima. Loshoro nililila siku tatu.

Asubuhi yake sikwenda kazini tena. Niliteremka korongoni kwa miguu, nikapanda upande wa pili nikiwa nimejaa maneno. Wa kwanza kumkuta ni yule mama wa majani, yuko uani anawakatia ng'ombe wake. Nilikwenda kugombana, lakini kwetu hata ugomvi hauanzi bila salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema bila kugeuka. Kisha akageuka, na mundu ukamtoka mkononi. "Wewe upo?"

"Nitakuwa wapi? Jana nimekaa na birika la chai toka saa tisa. Mmeniruka. Kama hamnitaki kwenye jumuiya, si mniambie?"

"Tumekuruka?" Akaweka mikono kiunoni. "Umeuza gari, umehamia Dodoma kwa binti yako, hukumuaga hata mbwa, leo unakuja kuniuliza habari za chai!"

"Nani ameuza gari?"

"Makengeza hapiti! Wiki tatu hapiti!"

Ikabidi tukae. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, yeye akakaa kwenye kigoda chake cha kukamulia. Nikamweleza kuhusu taa. Naye akanieleza, kwa sauti ileile ya kufoka, kwani hana nyingine.

Wiki ya mwisho ya mke wangu, mimi nikiwa kibandani, mama huyu alikuwa akikaa naye. Siku moja mke wangu alimshika mkono akamwambia: "Mama, huyu mtu wangu hajui kuomba msaada. Hata akianguka atasema amekaa. Ile taa niliyoipinda, jioni ikikata kona, jua amefika, lala. Isipopita, nenda kamwangalie."

"Nikamwahidi," alisema. "Miaka miwili sasa. Sijafunga mlango wangu hata siku moja kabla wewe hujapita. Mvua, baridi, nakaa hapo barazani. Ile siku ya Jumamosi hukupita. Nikakesha. Asubuhi Jumapili nikaja kwako na magoti yangu haya, nikakuta kumefungwa, gari halipo. Mlinzi wa loji akaniambia amesikia lile gari la zamani limenunuliwa. Si wewe mwenyewe uliwaambia watu wa lifti kwamba meneja wao amelitaka, alisimamishe getini kwao kama pambo? Nikasema ndiyo hivyo, ameuza. Nikasema ni mimi. Nimemkaripia kwa ajili ya majani, nimemwambia akae nyumbani, kaona aibu, kauza, kaondoka. Nikawaambia jumuiya."

"Ungenipigia simu, mama."

"Kwa namba ipi? Niliyonayo ni ya marehemu."

Nililia. Nalisema wazi kwa sababu kwenye mazishi sikulia, watu walinisifu kwa hilo, na sifa zile sikuzistahili. Kwa miaka miwili nilikata kona ile nikidhani hakuna duniani anayejali kama nimefika au sikufika, na kila jioni palikuwa na mtu amekaa kwenye baridi akisubiri taa yangu. Mke wangu alinipangia hayo akiwa hawezi hata kunyanyua kikombe. Na taa aliyoifanya alama ni ileile niliyomwachia imsute. Yule mama hakunibembeleza. Aliokota mundu wake, akaendelea kukata majani mpaka nilipomaliza.

Jumamosi nikarudi Olasiti na katoni yangu.

"Nataka ya kushoto ipinde tena," nikamwambia fundi.

"Mzee wangu, mimi sinyooshi leo nikapinda kesho," akasema. "Taa nyeupe hizi ukizigeuza pembeni utampofusha mtu, na aliyefunga ni mimi. Niambie shida yenyewe."

Nikamwambia. Sikutegemea kumweleza yote lakini nilimweleza, hata nguzo ya geti. Alisikiliza akifuta mikono, kisha akafungua katoni, akaitoa ile taa ya kushoto, akaivua gazeti. Aliifunga juu ya bampa, upande uleule, akaniuliza korongo linakaa wapi, akaigeuza kuelekea huko. Akaivutia waya mpya na rilei yake, swichi ndogo akaiweka chini ya usukani. Akaniambia niwashe nikiwa pale konani tu, tena kama hakuna gari linalokuja. Tulipoijaribu, ukuta mzima wa karakana ukawa wa njano. Katika miaka yote niliyokuwa nayo haijapata kuwaka hivyo.

"Nilikuambia ilikuwa na njaa," alisema.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu, mimi na mama wa majani. Nikifika konani nasimama, nabonyeza ile swichi ndogo. Mwanga unavuka korongo, unapita juu ya migomba mpaka kwenye baraza lake. Akiuona, anazima balbu ya barazani, nami najua ameuona. Nazima, naendelea na safari. Watu wameanza tena kunipungia mkono, kwa sababu sasa nasimama mwenyewe na kuwaita. Viti vina matope. Nyumbani bado hakuna mtu. Nawasha gesi mwenyewe, nasubiri maji yachemke, na saa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na sidhani kuna waya wa kuitengeneza.

Jumanne iliyopita nilibonyeza swichi, na balbu ya barazani haikuzimika.

Nikasubiri. Nikazima, nikawasha tena. Ng'ambo kule balbu inawaka tu. Nikafikiria magoti yake, na ng'ombe wake mmoja mwenye teke, na watoto wake wote wanne walioko mijini. Nikageuza gari pale pale konani, kwenye njia ambayo hata baiskeli hugeuka kwa shida, nikazunguka kwa juu darajani, nikashuka mpaka uani kwake, nikaruka nje bila kuzima injini.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, shuka mabegani, mzima.

"Mama! Taa yako haikuzima!"

"Najua."

"Umeumia? Kuna nini?"

"Hakuna kitu." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakufoka. "Mimi nakuangalia kila siku. Nilitaka kujua kama na mimi kuna anayeniangalia."

Nilirudi kuzima injini, nikazima na ile taa ya njano niliyoiacha inamulika migomba.

"Umechukua muda," akasema akiinuka kwa kushika nguzo. "Ingia basi. Chai iko jikoni, inachemka."